Kishikwambi Kilichoona Dhahabu Gongoni

Kama hujawahi kufika Jamhuri ya Mbeleni usijilaumu. Barabara ya kwendea huko bado haijajengwa. Ila jiwe lake la msingi lipo, tena zuri, lina utepe.

Ni nchi ya amani. Watu wake wakarimu, na viongozi wake wanapenda maendeleo mpaka wanakosa usingizi. Wakisikia tu wananchi wa mahali fulani wanahitaji kitu, haipiti wiki wameshafika na jiwe. Jiwe linafunikwa kitambaa, kitambaa kinavutwa, akina mama wanapiga vigelegele, wageni wanakula pilau, na mradi unakuwa umekamilika. Nasikia nchi nyingine jiwe likishawekwa ndipo kazi inaanza. Hao ni watu wa haraka haraka, tuwaache na presha zao. Mbeleni kuna Sheria ya Heshima ya Jiwe: likishawekwa, ni marufuku kuchimba, kujenga wala kupitisha mashine jirani yake, mpaka kiongozi aliyeliweka arudi mwenyewe atoe ruhusa. Na atarudi lini, masikini, wakati kila siku ana mawe mengine ya kuweka?

Ndiyo maana ukimwuliza mtu wa kijiji cha Gongoni njia, anakuelekeza bila kigugumizi. "Shuka hapo Uwanja wa Ndege, pale wanapoanika mihogo. Nenda moja kwa moja mpaka Hospitali ya Rufaa, utawakuta mbuzi wamelala. Ukifika Chuo Kikuu, mwulize mama anayekaanga chipsi. Nyuma yake utaiona shule."

Shule yenyewe haina jiwe la msingi. Ndiyo maana ipo. Wazazi waliijenga zamani, kabla serikali haijajua kama kuna mahali panaitwa Gongoni.

*

Hapo ndipo alipokuwa akifundisha Mwalimu Sikudhani Mbonde, mwalimu wa Sayansi wa darasa la tano. Mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya kumsimamisha ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Nyuma ya shule kulikuwa na mlima wa mawe matupu, Mlima Gongo, na huo ndio ulikuwa maabara yake.

"Haya, tokeni nje!" angesema. "Kila mtu aniletee jiwe lake. Na safari hii asiniletee mtu tofali la jirani."

Watoto wangepanda, wangeshuka na mawe kwenye sketi na kwenye kaptula, wangeyakwaruza kwa msumari, wangeyagonga, wengine wangeyalamba. Walikuwa wanajua itale kwa ugumu wake, jiwe la mchanga kwa jinsi linavyomong'onyoka, na ulanga kwa yale magamba yake yanayometameta, ukiyabandua kwa ukucha yanatoka karatasi karatasi. Sikudhani alikuwa na shida mbili tu. Ya kwanza, hakuwa na lenzi ya kukuzia, watoto waone chembe ndani ya jiwe. Ya pili ni choo cha wasichana, ambacho kilikuwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza umbea.

Siku moja asubuhi likaja gari la Wizara ya Elimu, Madini na Mengineyo. Akashuka kijana mmoja amevaa tai, kichwa hakina hata unywele. Alikuwa Bwana Faustini, Afisa Teknolojia ya Miamba wa wilaya. Akamkuta Sikudhani amesimama katikati ya watoto na jiwe mkononi.

"Shikamoo Mwalimu. Hicho ulichoshika ni nini?"

"Marahaba. Jiwe."

"Jiwe la wapi?"

"La hapo mlimani."

Faustini akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Yaani dada yangu, dunia imefika hapa ilipofika, wewe mpaka leo unafundisha mawe kwa mawe?"

Sikudhani akaliangalia lile jiwe, kama mtu aliyedanganywa na fundi cherehani.

Kumbe Wizara ilikuwa imeleta vishikwambi. Vipya, vinang'aa, vimo kwenye maboksi. Ndani yake kulikuwa na programu ya kufundishia miamba na madini. Unakielekeza kishikwambi kwenye jiwe, kinapiga picha, kinakukuzia, halafu sauti ya dada mmoja mpole inakutajia jina. Sikudhani alipoona chembe za itale zimekuzwa zikawa kubwa kama maharage, nyekundu, nyeupe na nyeusi, alisahau kabisa kununa. "Oneni, oneni! Mnaona sasa? Si niliwaambia jiwe moja lina ndugu wengi ndani?" Na watoto wakagombania kioo mpaka meza ikataka kuvunjika.

Tatizo lilikuwa waraka uliokuja navyo. Mwalimu Mkuu, Mzee Lusewa, aliusoma mbele ya walimu kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya hospitali.

"Kuanzia tarehe ya waraka huu, jiwe lililoko nje ya kishikwambi halitatambuliwa kuwa jiwe kwa madhumuni ya mtihani. Wanafunzi wasiguse mawe ghafi. Madirisha yanayotazamana na milima yawekewe mapazia, ili mlima usiwachanganye wanafunzi."

"Mwalimu Mkuu," akauliza Sikudhani, "na hizo picha za mlima wa kwenye kishikwambi, si ni za mlima huu huu?"

"Sikudhani mwanangu, usinichongee. Nimebakiza kidogo nistaafu nikafuge kuku wangu."

Pazia likawekwa. Ikawa watoto wanakaa gizani, wamegeuzia mgongo mlima, wanaangalia picha ya mlima.

*

Wakati wa majaribio, kila jibu la kishikwambi lilianza kwa heshima, maana Wizara ilitaka hivyo. "Kwa hisani ya Mheshimiwa Waziri, hili ni jiwe la chokaa." "Kwa hisani ya Mheshimiwa Waziri, hii ni itale." Faustini alikuwa anatembea katikati ya madawati amejaa furaha, mpaka alipoinama kumsaidia binti mmoja anaitwa Siwema, mtoto wa yule mama wa chipsi, na kishikwambi kikamtazama utosini.

"Kwa hisani ya Mheshimiwa Waziri," kikasema, "hili ni jiwe la mtoni. Limelainishwa na maji kwa miaka mingi."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Hata Sikudhani ilibidi ageukie ubaoni afute pasipoandikwa kitu.

"Bado kinazoea mazingira," akasema Faustini, jasho linamtoka. "Hakijazinduliwa. Kikishazinduliwa, hakikosei."

Na kweli, Jumatano ya wiki ile Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ponsiano Kidawale, alivizindua vishikwambi vyote vya nchi nzima akiwa mji mkuu, kwa kukata utepe mmoja. Kwa sheria za Mbeleni, kitu kilichozinduliwa na Waziri hakiwezi kukosea, kwa sababu kikikosea, aliyekosea ni nani? Mambo kama hayo watu wazima hawayaongelei. Ila tangu siku ile Afisa Faustini akawa anavaa kofia.

Umeme Gongoni ulikuwa umefikia hatua ya jiwe. Kwa hiyo vishikwambi vilichajiwa kwa kinyozi, mwenye sola yake. Kinyozi naye ana maisha, akaweka masharti: anayeleta kishikwambi, ananyolewa. Darasa la tano likawa linang'aa kuliko madini yote.

*

Balaa lilianza mchana mmoja wa jua kali. Sikudhani alikuwa anafundisha miamba geu, ile inayopikwa na joto la ardhini mpaka inabadilika sura. "Jiwe la chokaa likipikwa chini huko kwa muda mrefu linakuwa nini?"

"Marumaru!"

"Sijasikia!"

"MARUMARU!"

Siwema alikuwa ameshasikia. Alikuwa amekaa dirishani, amechoka giza, akalisogeza pazia kidogo tu, kiasi cha jicho na kishikwambi. Kule mlimani jua lilikuwa limepiga kwenye bonge la ulanga, linametameta kama sufuria lililosuguliwa kwa majivu. Kishikwambi kikalia honi.

"Kwa hisani ya Mheshimiwa Waziri, hii ni dhahabu. Taarifa imeshatumwa Wizarani. Tafadhali pisheni."

Watoto wakaruka juu ya madawati. Sikudhani akaja mbio, akafungua pazia lote.

"Dhahabu gani? Wapi? Si ule ulanga wetu ule! Siwema, wewe si uliubandua ukaufanyia nini?"

"Kioo cha dirisha cha nyumba ya mdoli, Mwalimu."

"Na dhahabu inabanduka?"

"Haibanduki, Mwalimu. Ukiigonga inabonyea."

"Sasa huyu anasema nini?"

"Mwalimu," akasema Siwema, "huyu hajasoma. Amezinduliwa tu."

*

Keshokutwa yake tingatinga lilikuwa limeegeshwa uwanjani, dereva wake amelala kwenye kivuli cha gurudumu. Faustini akaja na barua, kofia kichwani, akawakusanya walimu.

Habari ilikuwa hivi. Mlima Gongo ni dhahabu tupu, kifaa kimesema. Kampuni imeshapatikana. Shule imekaa mlangoni mwa mlima, kwa hiyo Jumatatu inabomolewa. Wanafunzi wasiwe na wasiwasi, wanahamishiwa Shule Mpya ya Kisasa ya Mbugani.

Mwalimu Mkuu akakohoa. "Mbugani? Kule mbali kwenye matope? Kuna shule kule?"

"Mzee wangu, jiwe lake liliwekwa zamani. Mnachongoja ni nini?"

"Tutakaa wapi?" Sauti ilitoka dirishani. Siwema alikuwa anasikiliza, kama kawaida yake. "Juu ya jiwe?"

"Kukaa juu ya jiwe la msingi ni kosa la jinai," akasema Faustini.

"Basi pembeni yake."

"Pembeni sawa."

Sikudhani akatoka bila kuaga, akapanda mlimani na kanga yake kiunoni, akarudi na bonge la ulanga. Akalibandua mbele ya afisa, ganda la kwanza, la pili, la tatu. Likawa linapepea kama karatasi ya biskuti.

"Mdogo wangu Faustini. Umesoma. Niangalie usoni. Hii ni dhahabu?"

Faustini akaangalia pembeni. "Dada Mwalimu, mimi nakuheshimu sana. Lakini kifaa kimezinduliwa."

"Kwa hiyo kikizinduliwa ulanga unakuwa dhahabu?"

"Kikizinduliwa, unakuwa unachoambiwa."

Sikudhani akachukua kishikwambi, akakionyesha lile ganda karibu kabisa, labda kwa karibu kitaona aibu.

"Kwa hisani ya Mheshimiwa Waziri, hii ni dhahabu. Iweke chini."

Akaiweka. Si kwa kutii, alikuwa amegeukia uwanjani. Wazazi walikuwa wameshaanza kuja kubeba madawati, wengine wanalia, wengine wanapima mabati kwa macho. Mshahara haukuwa unamsumbua, Serikali ingemtupa kokote akafundishe. Aliyemsumbua ni Siwema. Alijua hesabu ya mtoto kama yule: atakwenda Mbugani siku ya kwanza kwa mbio, ya pili kwa kuchechemea, na kabla mwezi haujaisha utamkuta pembeni ya mama yake anamenya viazi, na zile akili zote za kuuliza maswali zinaishia kwenye kachumbari. Na si Siwema peke yake. Darasa zima lile la vichwa vinavyong'aa.

*

Jumamosi Sikudhani alikwenda kwa mama Siwema kula chipsi, si kwa njaa, kwa mawazo. Mbele yake akasimama mgeni mwenye koti na buti za shambani, bwana mmoja mwakilishi wa kampuni ya mgodi, akauliza njia ya kwenda mlimani upande wa pili.

"Pita hapo Hospitali ya Rufaa, kata kulia," akasema mama Siwema huku anageuza viazi.

"Hospitali iko wapi?"

"Si hiyo hapo, kwenye mbuzi."

"Mimi naona jiwe tu."

"Ndiyo hiyo."

"Na itajengwa lini?"

Mama Siwema akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto wa mjini anayeuliza maziwa yanatoka mti gani. "Ijengwe tena ya nini, baba? Si jiwe limeshawekwa? Pale hata kibanda cha nyanya walinikatalia. Hata jembe hupitishi."

Sikudhani akaacha kutafuna. Kiazi kilikuwa shavuni, kikabaki hapo hapo.

"Mama Siwema," akasema polepole, "rudia ulivyosema."

"Nimesema nini? Kwamba hata jembe hupitishi?"

Sikudhani akamlipa, akasahau chenji, akaondoka kwa mwendo ambao wanafunzi wake walikuwa wanaujua na kuuogopa. Alimkuta Faustini uwanjani anahesabu madirisha ya kubomoa.

"Mdogo wangu, samahani nakusumbua. Kumbe huu mgodi ni mkubwa sana?"

"Mkubwa kuliko yote Mbeleni, dada."

"Hongereni. Na jiwe lake la msingi liliwekwa lini? Mbona sisi hatukualikwa?"

Faustini akapoteza hesabu ya madirisha. Rangi ikamtoka usoni taratibu, kama chai inayoongezwa maziwa.

"Jiwe," akasema.

"Eeh."

"Hakuna jiwe."

"Jamani!" Sikudhani akashika kifua. "Mgodi mkubwa kuliko yote, uanze hivi hivi, kama watu wanaochimba shimo la takataka? Mheshimiwa akisikia mmeanza bila yeye? Mimi sisemi kitu. Mimi ni mwalimu tu."

Faustini alikuwa ameshatoa simu. Aliongea wima, amekakamaa, kama vile anaonekana. Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka kwa dereva wa tingatinga.

"Mgodi? Wa dhahabu? Na mlitaka kuanza BILA MIMI?"

*

Jumatatu Gongoni ilipendeza. Maturubai, viti vya plastiki vyeupe, spika mbili kubwa, na sufuria za pilau zinatoa moshi. Jiwe lilikuwa limefika tangu Jumapili jioni, limefunikwa kitambaa cha zambarau. Faustini alitaka liwekwe juu kileleni.

"Mheshimiwa apande mlima na vile viatu?" akauliza Sikudhani. "Liweke pale." Akaonyesha upenyo katikati ya majabali mawili makubwa, nyuma tu ya darasa la tano, njia pekee ambayo tingatinga lingeweza kupita kwenda mlimani. "Pale mwanga ni mzuri kwa picha."

Likawekwa pale. Sikudhani alisaidia kulisimamisha, na alipoondoka aliona mkono wake umebaki mweupe, una rangi. Akaufuta kwenye kanga.

Mheshimiwa Kidawale alishuka kwenye gari kama mtu anayeshuka kutoka mbinguni kwa shughuli fupi. Mnene, mchangamfu, ana mkasi wake mwenyewe mfukoni, maana huwezi kujua. Akashika maiki.

"Ndugu wananchi! Jiwe ni jiwe. Lakini si kila jiwe ni jiwe! Kuna jiwe, na kuna jiwe!"

Makofi. Mwalimu Mkuu alipiga kuliko wote.

"Wakoloni walitudharau. Wakasema hawa hawana kitu. Leo kishikwambi chetu, nilichokizindua kwa mkono huu, kimetazama mara moja tu kikaona dhahabu! Babu zenu waliishi hapa miaka yote hawakuiona. Kwa nini? Hawakuwa na mtandao! Na jiwe hili lililo chini ya kitambaa, ndugu zangu, si jiwe la mchezo. Ni marumaru halisi, imetoka ng'ambo, imekuja kwa meli. Nataka nchi nzima ishuhudie. Nani mtoto mwenye kishikwambi hapa? Njoo mama, njoo ulipime jiwe la Waziri wako mbele ya taifa!"

Sikudhani aliangalia kiganja chake. Alama nyeupe ilikuwa bado ipo kwenye mistari. Alitaka kusema kitu, lakini Siwema alikuwa ameshafika mbele, amenyoka kama askari, kishikwambi kimeunganishwa kwenye spika zote mbili. Akainua pindo la kitambaa, akaelekeza.

"Kwa hisani ya Mheshimiwa Waziri," sauti ikavuma mpaka ng'ambo ya mlima, "hii ni saruji. Imepakwa rangi."

Hata pilau liliacha kuchemka.

Mheshimiwa akabaki ameshika kamba ya kitambaa. Tabasamu lilikuwa bado usoni lakini mwenyewe hakuwepo. Faustini alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Mahali fulani nyuma mtu alicheka, akajifanya anapiga chafya.

"Nani," akasema Waziri, "amenialika hapa nije nidhalilishwe?" Akaiachia kamba. "Hakuna jiwe! Sherehe imekwisha! Dereva, washa hilo tingatinga, bomoa, chimba, mambo ya mawe tutaangalia baadaye!"

Tingatinga likaunguruma. Moshi mweusi ukapanda. Mama mmoja akapiga yowe, na Sikudhani akajikuta ameshafika kwenye maiki, hajui hata miguu ilitokaje chini ya kiti. Akaita kwa sauti yake ya ng'ambo ya mto, ambayo kwa spika zile ilikuwa kosa kidogo.

"DARASA LA TANO!"

Hata tingatinga lilizima. Dereva alisema baadaye aliwahi kufundishwa na mwalimu wa namna hiyo, mguu ulitoka wenyewe.

"Naam Mwalimu!"

"Saruji inatengenezwa kwa nini?"

"Kwa jiwe la chokaa, Mwalimu!"

"Na jiwe la chokaa likipikwa ardhini kwa muda mrefu linakuwa nini?"

"Marumaru!"

"Sijasikia!"

"MARUMARU!"

Sikudhani akamgeukia Waziri, akapiga goti kidogo, kwa adabu kabisa. "Mheshimiwa, kifaa ulichokizindua hakiwezi kukosea, na wewe huwezi kukosea. Wote mmesema kweli. Kifaa kimeona ilivyo leo. Wewe, Mheshimiwa, umeona mbele. Hii ni marumaru ambayo haijafika tu. Iko njiani."

Waziri alitafakari. Mbuzi wa Hospitali ya Rufaa wakasikika wanacheua. Halafu tabasamu likarudi nyumbani.

"Naam!" akasema. "Naam! Ndivyo nilivyomaanisha! Marumaru iliyo mbioni! Ndugu wananchi, nchi hii haikosi watu wa kuona kesho! Piga picha!"

Akavuta kamba. Kitambaa kikaanguka. Vigelegele vilivyopigwa Gongoni siku ile havijawahi kupigwa hata harusini, na Mheshimiwa aliviweka moyoni mwake vyote, akidhani ni vya mgodi.

*

Baada ya pilau, msafara ulipoondoka na vumbi lake, dereva wa tingatinga akawasha tena mashine, akaielekeza kwenye upenyo. Faustini akaruka mbele yake amenyoosha mikono.

"Zima! Unakwenda wapi?"

"Kuchimba."

"Jiwe huoni? Limeshawekwa! Unataka nifungwe?"

"Sasa mimi napita wapi?"

"Hupiti. Mpaka Mheshimiwa arudi kutoa ruhusa."

"Na shule niibomoe?"

"Iko jirani ya jiwe, mashine haisogei! Wewe vipi?"

"Kwa hiyo anarudi lini?"

Wote wakageuka kuangalia vumbi, lililokuwa limefika Chuo Kikuu na linazidi kwenda. Hakuna aliyecheka. Sikudhani alishikwa na kikohozi kirefu ikabidi apigwe mgongoni na Mwalimu Mkuu, ambaye naye, ajabu, alikuwa anakohoa.

Tingatinga liliondoka. Redio ikatangaza kwamba Mgodi wa Gongoni umefikia hatua ya jiwe kabla ya wakati, na Mheshimiwa Kidawale akavishwa nishani. Mwakilishi wa kampuni alirudi tena na tena, mwishowe akazoea, siku hizi akija anakula chipsi na kuondoka. Pazia la darasa la tano likafanywa kitambaa cha kufutia ubao. Vishikwambi vimebaki, vinatumika vizuri sana kukuza chembe. Vikitaja majina watoto wanavisikiliza kwa adabu, halafu wanaligonga jiwe wenyewe.

Ukimwuliza mtu njia sasa, anakwambia, "Ukifika Mgodi wa Dhahabu utakuta watoto wanacheza rede. Hapo hapo."

*

Mwaka huo huo choo cha wasichana kilichoka kuinama, kikalala. Wazazi wakakaa kikao cha chini chini, bila muhtasari, bila mgeni rasmi. Wakakubaliana kujenga kingine kwa mawe ya Gongo, upande wa pili wa shule, mbali na jiwe. Jumamosi moja wote walikuwa pale, wanabeba, wanachanganya udongo, Siwema amesimama juu ya lundo na kishikwambi, anachagua.

"Hii itale, weka chini kwenye msingi. Hiyo ya mchanga tupa, itamong'onyoka. Hiyo... hiyo inasema dhahabu. Tupa."

Ukuta ulikuwa umefika kifuani pale gari refu jeusi lilipotokea barabarani, likapunguza mwendo, likasimama. Nyuma lilikuwa limebeba kitu kimefunikwa kitambaa cha zambarau. Kioo kikashuka. Alikuwa Mheshimiwa Kidawale mwenyewe, anakwenda kuweka jiwe kijiji cha mbele.

"Hamjambo wananchi!" akasema kwa bashasha. Macho yake yakatua kwenye mawe, kwenye mwiko, kwenye ukuta. Mkono ukaanza kuteremka kwenye mfuko wa mkasi. "Naona mambo! Mnajenga nini hapa?"

Watu wakaganda. Mzee Lusewa alificha mwiko nyuma ya mgongo, udongo ukamchuruzikia kwenye suruali. Wasichana wote wa shule ile walimtazama Mwalimu Sikudhani, na kila mmoja wao siku hiyo alikuwa ametembea mpaka vichakani na kurudi.

Sikudhani akajifuta mikono kwenye kanga.

"Kujenga, Mheshimiwa?" akasema. "Sisi wa kujenga sisi? Tunabomoa."

Mheshimiwa akashusha pumzi, mkono ukarudi mapajani.

"Aah," akasema. "Basi vizuri. Endeleeni."

Kioo kikapanda, gari likaondoka. Walingoja mpaka vumbi lilipotua kabisa juu ya Uwanja wa Ndege.

"Mwalimu," akanong'ona Siwema kutoka juu ya lundo, "tuendelee kubomoa?"

"Bomoeni wanangu, bomoeni haraka," akasema Sikudhani, akaokota jiwe. "Kabla hajarudi, nataka tuwe tumebomoa mpaka paa."